Mzazi wa Zamu katika Nyumba ya Nailoni

Ukipita Soko la Toi asubuhi, jua likiwa limechomoza baada ya mvua, zile nailoni walizofunikia vibanda huanza kutoa harufu. Ni harufu ya plastiki iliyopata moto ikachanganyika na udongo uliolowa, na mtu mwenye akili zake hupita haraka. Mimi husimama. Juzi nilisimama hapo muda mrefu mpaka muuza viatu mmoja akaniuliza, "Madam, unatafuta saizi gani?" Nikamjibu kwamba natafuta darasa la sita. Alinitazama kidogo, akamgeukia mteja mwingine.

Naomba mnivumilie niwaeleze. Mimi ni mtu wa kuongeza maneno, hilo nalijua. Mwalimu wangu wa insha katika shule ya jioni, ambako nilipata cheti changu nikiwa na watoto wawili na mvi tatu, aliniandikia kwa kalamu nyekundu: "Punguza." Nimejaribu. Lakini habari ya Nyumba ya Nailoni hata ukiipunguza inabaki kubwa.

Ilikuwa Kawangware, hapa Nairobi, upande wa mtaa unaoitwa Kongo, nyuma ya shule yetu ya msingi. Watu wa vitabu wanaita kitu kama hicho kivungulio, yaani nyumba ya kukuzia mimea. Sisi tuliita Nyumba ya Nailoni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nguzo za mbao, paa la nailoni, na pembeni mapazia ya nailoni yaliyoviringishwa kwenye fito ndefu ili yapandishwe na kushushwa. Machoni pangu ilikuwa kubwa kuliko uwanja wa ndege. Siku hizi nadhani ilitoshea wanafunzi thelathini wakiwa wamebanana na mmoja akiwa nje.

Aliyeijenga ni Mwalimu Nekesa, mwalimu wetu wa kilimo. Alikuwa mfupi, ila sauti yake ilikuwa ndefu. Alitembea kila asubuhi kutoka Kianda, kule Kibera, akafika kwetu kabla ya kengele na viatu havina hata tone la tope, jambo ambalo wakati wa mvua ni muujiza wa kuandikiwa gazeti. Kwa miaka miwili alikuwa amembembeleza Mzee Gathogo, mwenye ploti, amwazime kile kipande nyuma ya shule. Mzee Gathogo alizaliwa Kawangware ikiwa bado mashamba ya viazi, na sasa pale palipokuwa na viazi aliotesha vyumba vya kupangisha. Sisi tulikaa katika kimojawapo, chumba namba kumi na mbili: baba yangu fundi wa vitanda, mama yangu, mimi, na tangu mwezi wa sita mwaka ule, mdogo wangu Mutua, aliyekuwa na ukubwa wa mkate na kelele za kanisa zima.

Mzee Gathogo alikubali, lakini akaweka sharti mbele ya darasa lote. "Shule ikifunga mwezi wa kumi nitakuja. Nikipata maua, mtakaa. Nikipata nailoni tu, fundi anachimba msingi Jumatatu. Sitaki maneno mingi." Akavaa kofia yake akaenda.

Mbegu zilikuja ndani ya kasha la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Zilikuwa pakiti nzuri, zenye picha za petunia za zambarau, na pansi, ua lenye uso kama wa shangazi aliyesikia umbea usiomfurahisha. Nyuma ya pakiti paliandikwa kwamba maua haya ni ya msimu mmoja, yapandwe wakati wa machipuko. Mwalimu alitueleza machipuko ni nini: kule kwao baridi kali hukatika, siku zinarefuka, hewa ingali baridi lakini mwanga umejaa, na kila kitu kinaamka kwa pamoja.

"Na hayo machipuko yanafika hapa kwetu lini?" aliuliza Otieno, ambaye mdomo wake haukuwa na pazia.

"Hayafiki," Mwalimu akasema. "Tutayatengeneza."

Mimi niliposikia hivyo nilimwamini kabisa, vile ningemwamini angesema tutatengeneza mwezi.

Na aliyatengeneza, wenzangu! Alikuwa na kipimajoto kimoja, nacho kilivunjika wiki ya kwanza, chini ya makalio ya Otieno. Mwalimu hakulia. Alichukua kifuniko cha soda, akakijaza mafuta ya kupikia, yale meupe yanayoganda, akakiweka katikati ya trei za miche. "Mafuta yakianza kung'aa pembeni," alisema, "pandisha mapazia mpaka kiunoni. Yakilainika, pandisha mpaka juu, na ufungue mlango." Alitufundisha pia kukaa kimya juu ya kreti kwa muda wa kuhesabu mpaka mia, kola imefunguliwa, na kusikiliza shingo zetu. Shingo ikitoa jasho, miche nayo inatoa jasho. Shingo ikiwa kavu na masikio yamepoa, basi hayo ndiyo machipuko, usiguse kitu. Nimekutana na wahandisi katika maisha yangu, wengine wana tai, lakini sijaona chombo kilichoshinda kifuniko kile cha mafuta.

Mbegu ya petunia ni ndogo kama vumbi. Ukipiga chafya umepoteza bustani. Mwalimu alizichanganya na mchanga mkavu, tukazinyunyiza juu ya udongo bila kuzifukia, kwa sababu zinataka mwanga ndipo ziamke. Maji hatukuzimwagia kutoka juu. Tuliziweka trei ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo ukanywa wenyewe kutoka chini. Siku ya tisa vikatokea vijani vidogo mno, na darasa la sita likapiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani kuna moto.

Sasa, Jumamosi na Jumapili Mwalimu hakuwepo, hivyo mmoja wetu alipewa ufunguo. Mtu huyo aliitwa mzazi wa zamu. Kanuni zilikuwa tatu: asubuhi pandisha mapazia hata kukiwa na baridi; jioni shusha nusu, usifunge kabisa; maji ni asubuhi tu, tena udongo ukiwa umekauka juu. Zamu yangu iliangukia wikendi ya kwanza ya mwezi wa saba.

Mnaoijua Nairobi ya mwezi wa saba hamhitaji maelezo. Mawingu yanakaa juu ya mabati kama blanketi lililolowa, jua linasahau njia, na manyunyu hayaishi wala hayawi mvua ya maana. Ile Jumamosi niliamka nikamkuta mama amemfunga Mutua nguo nne na mashali mawili, dirisha limezibwa kwa gunia, mlango una kitambaa chini, na maji ya kumwogeshea yanatoa mvuke. Hivyo ndivyo mtoto anavyolelewa kwetu mwezi wa saba. Upepo usimguse. Mtu akiingia anaambiwa hata kabla ya salamu, "Funga mlango, baridi itamwingia mtoto!"

Nilikwenda Nyumba ya Nailoni nikaikuta miche imesimama pale katika baridi, mimea yenye urefu wa ukucha, na nikakumbuka nimeambiwa niwafungulie mapazia. Kusema kweli nilimwona Mwalimu Nekesa kuwa mkatili. Hakuwa na mtoto wake mwenyewe, nikajiambia, angejuaje? Mimi nililala kitanda kimoja na mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa na ujuzi.

Basi nikashusha mapazia yote mpaka chini na kuyakandamiza kwa mawe. Nikaziba mlango kwa gunia. Mama yangu aliuza nguo za watoto pale Toi, na mzigo wake wa mashali ulikuwa chini ya kitanda. Nikachukua kumi na moja, ya waridi, ya samawati, mengine yana picha za dubu, nikaifunika miche trei kwa trei, kwa upendo. Kisha nikaleta maji ya uvuguvugu kwa chupa ya chai na kuwanywesha kutoka juu, asubuhi na jioni, siku zote mbili. Jumapili nilipotoka niliwaimbia. Sina haja ya kuongeza chochote hapo. Niliwaimbia kweli.

Jumatatu Mwalimu alifungua mlango na hewa nzito ikatupiga usoni kama pumzi ya sufuria. Nailoni ilikuwa inatiririka maji ndani. Mwalimu aliinua shali la kwanza lenye dubu, taratibu. Miche yote ilikuwa imelala, kila mmoja umekatika pale shina linapokutana na udongo, pamekuwa pembamba kama uzi na peusi, na juu ya udongo kulikuwa na manyoya meupe ya ukungu. Akainua la pili. Hivyo hivyo. Aliinua yote kumi na moja, hakuruka hata moja, na mimi nilikuwa natamani ardhi ya Mzee Gathogo ipasuke.

"Ni Mwende!" Otieno akapaza sauti. "Aki ameyapika! Ametengeneza githeri ya maua!"

Darasa likacheka, halafu likakumbuka mwezi wa kumi. Msichana mmoja akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nikisubiri fimbo, maana nilijua desturi.

Mwalimu hakuugusa ule mkono. "Mwende," akasema, "nieleze ulichofanya, kimoja baada ya kingine. Usiruke."

Nikaeleza. Aliandika kila kitu kwa chaki kwenye ubao wa mbao pale mlangoni: mapazia, gunia, mashali, maji moto, wimbo. Ndiyo, wimbo aliuandika. Kisha akawageukia wengine. "Nani ana mtoto mchanga nyumbani?" Mikono kumi ikainuka. "Nani kati yenu asingemfunika?" Hakuna aliyeinua mkono, hata Otieno. "Basi kaeni chini," akasema, "tujifunze ni nini kimekufa hapa na kwa nini."

Tulikaa pale chini kipindi kizima. Akatueleza kwamba mche mdogo haufi kwa baridi ile ya kwetu; maua yale yanaipenda. Unakufa kwa hewa iliyosimama. Maji yakikosa pa kwenda yanakaa juu ya shina, ukungu unaamka, unaanza kula pale shingoni. Alichomoa mche mmoja mmoja, akampa kila mmoja wetu wake ashike kati ya vidole na kuona ile shingo iliyooza. Mpaka leo naweza kuhisi ulivyokuwa mlaini.

Kisha alifungua mkoba wake, akatoa pakiti zile zile za mbegu, midomo imekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Hakuwa amepanda zote. Alikuwa amepanda nusu tu.

Siku ile ile tulianza upya. Udongo wa zamani tuliutupa mbali. Trei tulizisugua kwa maji moto na dawa ya kufulia. Udongo mpya tuliuchemsha kwa mvuke ndani ya sufuria kubwa ya uji ya shule, kifuniko juu, mpaka harufu ya udongo uliopikwa ikaenea Kongo nzima na mpishi akaapa hatatumia tena sufuria ile. Tukanyunyiza mbegu. Na Ijumaa ilipofika, Mwalimu akachukua ufunguo, akapita mbele ya mikono thelathini iliyonyooshwa, akaniwekea mimi mkononi.

"Mwalimu, huyo tena?" Otieno alilalamika. "Si ataua hata hizi!"

"Kati yenu wote," Mwalimu akamjibu, "ni nani mwingine anayejua jinsi zinavyokufa?"

Kabla wikendi hiyo haijaanza, jioni hiyo hiyo ya Ijumaa, Mzee Gathogo akatokea bila kuitwa. Alikuwa akipita kukagua vyumba, akaamua kuchungulia. Akaona trei zenye udongo mtupu.

"Maua iko wapi?"

Tulimtazama Mwalimu. Naye alitazama trei, akatutazama sisi, akakaa kimya muda ambao mimi ningesema ni saa nzima, ingawa huenda zilikuwa pumzi tatu.

"Yalikufa, Mzee," akasema. "Mwende atakueleza."

Nilirudi nyuma hatua moja. Lakini mdomo wangu haujawahi kunitii tangu nizaliwe, ukafunguka wenyewe. Nikamweleza kuhusu mapazia, mashali na maji ya chupa. Nikamweleza kuhusu hewa iliyosimama. Nilivyoona anasikiliza nikapata moto, na mtu akipata moto hutafuta mfano, na mfano uliokuwa karibu ulikuwa mmoja tu.

"Ni kama tu vyumba vyako, Mzee. Kadirisha kamoja, mlango mmoja. Tukipika, ukuta unatoa jasho na nguo zinaota ukungu nyuma ya kitanda. Ile miche ilikuwa ni kama imepanga kwako."

Hata manyunyu yalisimama. Nyuma yangu Otieno akanong'ona, "Huyu ameisha." Nilimwangalia Mwalimu ili anikatize. Alikuwa amefumba macho.

"Wewe ni wa nani?" Mzee Gathogo akauliza.

"Wa Mama Mwende. Namba kumi na mbili."

"Haiya. Kumbe uko kwangu." Akavaa kofia, akaondoka bila kwaheri.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. "Umeenda kumtusi mwenye ploti mbele ya watu?" mama aliniuliza, Mutua mgongoni, shali moja lenye ukungu mkononi kama ushahidi mahakamani.

"Sikumtusi, Mwaitu," nikamwambia, maana hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. "Nilikuwa naeleza hewa."

"Hiyo hewa ndiyo utalala ndani yake tukifukuzwa!"

Niliosha mashali kumi na moja nikilia, na tangu siku hiyo niliishi nikimsubiri fundi mwenye jembe. Lakini ufunguo nilikuwa nao. Jumamosi nilipandisha mapazia kwenye baridi huku meno yakigongana, nikakaa juu ya kreti, nikafungua kola, nikahesabu mia. Masikio yalikuwa yamepoa. Sikugusa kitu. Nawaambia, hakuna kazi ngumu kama kukaa karibu na kitu unachokipenda na kutokigusa.

Wiki iliyofuata miche ilitokea, na safari hii ilisimama. Tuliihamishia kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, tukaikata vichwa ili itanuke, jambo lililomuuma kila mtu isipokuwa Mwalimu. Mwezi wa tisa jua likarudi, yale mafuta kwenye kifuniko yakaanza kung'aa kabla ya saa nne, na sisi tukakimbia kila mapumziko kupandisha mapazia. Petunia ya kwanza ilifunguka siku ya Alhamisi. Zambarau yake ilikuwa nzito kiasi kwamba ungedhani itakuchafua kidole. Pansi zilifuata, mashangazi hamsini, wote wametukasirikia.

Mzee Gathogo alikuja siku shule ilipofunga, na alikuwa na fundi, na fundi alikuwa na futi ya kupimia. Hakumsalimia yeyote. Alipita katikati ya makopo polepole, akanyoosha kidole.

"Wewe wa hewa. Kuja. Hizi zimeishi aje?"

Nikamweleza. Nilimwonyesha mapazia, kifuniko cha mafuta, kreti. Akavua kofia, akaketi juu ya ile kreti, mtu mzima mwenye ploti zake, akafungua kola ya shati. Darasa zima likamhesabia mpaka mia kwa sauti. Alipomaliza alikaa tu, akiangalia ua moja la pansi lililokuwa likimwangalia yeye.

"Rudisha hiyo futi," alimwambia fundi. "Hapa tuwache mwaka moja, tuone." Halafu, akiwa tayari mlangoni: "Ukitoka hapa pitia kule kwa vyumba. Kuna kuta nataka utoboe."

Chumba namba kumi na mbili kilipata dirisha la pili, lenye ukubwa wa daftari. Mama alilifunga kwa shali siku hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama ushindi wa mdomo wangu. Mimi, mtoto wa darasa la sita, nilimtoboa mwenye ploti ukuta! Nimeisimulia harusini, matangani na mara mbili hospitalini. Ni hivi majuzi tu, nikiwa kazini, mfanyakazi mdogo aliyekuwa chini yangu alipoharibu kazi yetu na mkubwa akatokea ghafla kuuliza kulikoni, ndipo nilipojikuta nimesimama pale aliposimama Mwalimu Nekesa. Na nikauona ule ukimya wake wa pumzi tatu kwa mara ya kwanza.

Alikuwa na jibu rahisi. "Baridi iliyaua, Mzee, tumepanda mengine." Nani angebisha? Mwezi wa saba, Nairobi, kila mtu anaamini baridi inaua chochote. Mzee angetikisa kichwa na kwenda zake, na ile nyumba aliyoihangaikia miaka miwili ingebaki salama. Nami ningebaki mtoto aliyeua miche na kufichwa nyuma ya mgongo wa mwalimu. Alilijua hilo jibu. Aliupima uzito wa nyumba ile, akaupima wangu, akanipa mimi nafasi ya kusema, na hata nilipoanza kuwatukana watu kuta zao, hakuninyang'anya.

Mimi hapo kazini nilimwambia mkubwa kwamba umeme ulipotea, na yule mfanyakazi mdogo akabaki nyuma ya mgongo wangu.